Naongoza maombi kanisani, lakini chumbani sina la kusema

Swali: Mama Mchungaji, Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni binti wa miaka 22, nasoma chuo hapa Kampala na kukaa hosteli ya Wandegeya. Wazazi wangu wako kambi ya wakimbizi ya Kyangwali. Jumapili nasali ibada ya Kiswahili upande wa Nsambya, na ndiye ninayeongoza maombi ya vijana. Nikishika maikrofoni watu wanalia. Nikibaki peke yangu chumbani siwezi kuomba hata dakika tano: nasinzia, nashika simu, au nakaa tu. Hosteli tunabishana mpaka usiku wa manane. Mwenzangu mmoja ni Mkatoliki na rozari yake, mwingine ni Msabato, na mara nyingi mimi ndiye ninayewashinda. Kiongozi mmoja kanisani ameniambia ukavu huu unatokana na kwamba sijanena kwa lugha, nifunge siku saba kavu na kutoa sadaka ya mbegu. Naogopa nimekuwa mnafiki. Je, nimepoteza imani? Niache kuongoza? Nihame kanisa?

Jibu: Asifiwe milele, binti yangu.

Nianze na lile linalokunyima usingizi. Hujapoteza imani. Aliyepoteza imani haumii kwa kukosa kuomba; jambo lenyewe linakuwa limeshamtoka moyoni na anaendelea na shughuli zake. Wewe unaumia kwa sababu kuna Mtu unayemtafuta. Yule baba wa Marko 9 alimlilia Yesu, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu," na mwanawe akaponywa. Hakuambiwa aende kwanza akaamini vizuri ndipo arudi. Wala sikuiti mnafiki. Mnafiki huficha asionekane, na wewe umelianika jambo lako mwenyewe kabla hujaulizwa na mtu.

Hali yako nimeiona kwa vijana wengi niliowafundisha, hasa wenye kipawa cha kuomba mbele za watu. Fikiria yanayotokea ukiwa umeshika ile maikrofoni. Kinanda kinalia taratibu nyuma yako. Unasema sentensi moja, watu wanaitika "Amina!", na ile amina inakusukuma kwenye sentensi ya pili. Sauti ikipanda, machozi yanaanza, nawe unapata nguvu ya kuendelea. Hakuna ubaya wowote hapo. Mwili wa Kristo unasaidiana hivyo. Lakini kwa miaka kadhaa umezoea maombi yanayoitikiwa papo hapo. Ukiingia chumbani, unasema sentensi moja, na kimya. Hakuna kinanda, hakuna amina. Unadhani Mungu ameondoka, kumbe walioondoka ni waitikiaji.

Kuna jingine, na kwangu hili ni zito zaidi. Anayeongoza maombi husema "sisi". Tunakuja mbele zako, tunakusihi, tunakushukuru. Ndivyo ipasavyo, maana unasema kwa niaba ya wote. Sasa jiulize: ni lini mara ya mwisho ulimwambia Mungu jambo ambalo usingethubutu kulisema kwenye maikrofoni? Ada ya muhula ambayo haijapatikana. Wivu juu ya yule mwimbaji anayesifiwa kuliko wewe. Kijana unayempenda na hujui kama anakuona. Hasira juu ya vita iliyowatoa wazazi wako nyumbani, na swali la kwa nini Mungu aliiacha itokee. Umekuwa kama mpishi wa arusi: ameonja kila sufuria, wageni wameshiba na kumsifu, na yeye anarudi nyumbani hajakaa kula. Njaa unayoisikia chumbani ni njaa ya kweli, na mimi naiona kuwa wito.

Bwana wetu alilisema wazi katika Mathayo 6: ingia chumbani mwako, funga mlango, usali mbele za Baba yako aliye sirini. Maneno hayo aliwaambia wanafunzi wake, akiwaonya wasifanane na wale waliopenda kusali njiani na katika masinagogi ili waonekane. Hakukataza maombi ya pamoja. Yeye mwenyewe alikwenda sinagogi. Alitaka pawepo mahali ambapo msikilizaji ni mmoja tu.

Basi utasema nini hapo mahali? Mwanzoni usiseme maneno yako. Chukua Zaburi. Sisi tuliolelewa katika ulokole tunazipenda za sifa, zile zinazoingia vizuri kwenye kipindi cha kuabudu, tunaziruka zile nyingine. Soma ya 13, inayoanza kwa kumuuliza Mungu atamsahau mtu wake hata lini. Soma ya 88. Hiyo haina mwisho mzuri hata kidogo. Inaishia gizani, mwombaji akiwa bado analalamika kwamba rafiki zake wamewekwa mbali naye. Na bado Israeli waliihifadhi, kanisa likaipokea, ikabaki katika Biblia. Mtu aliyeomba vile hakuhesabiwa kuwa ameanguka. Isome kwa sauti ya chini, polepole, na ukifika mstari unaokugusa, simama hapo uongeze jambo lako kwa maneno ya kawaida kabisa, Kiswahili kile kile unachozungumza na mama yako. Dakika kumi zinatosha. Simu iache kwa mwenzako.

Siku utakayokosa hata neno, kaa. Warumi 8:26 inakiri kwamba hatujui kuomba jinsi itupasavyo, na kwamba Roho mwenyewe hutuombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa. Paulo aliandika "hatujui" akijihesabu naye. Ukikaa dakika kumi mbele za Mungu ukiwa mkavu, umeomba.

Najua pia kwamba hosteli ya watu watatu haina chumba cha ndani. Tumia njia. Ukiwa ndani ya teksi kutoka Wandegeya, katika foleni ya magari, sema moyoni "Bwana Yesu, unihurumie", taratibu, mpaka ushuke. Taja watu watatu kwa majina. Ni maombi kamili hayo.

Hapa utaniuliza kama sala ya kusoma au kukariri ina uhai. Kwetu wengi wanasema haina. Mimi nimefundisha historia ya kanisa la Uganda, na historia hiyo hainiruhusu kukubali. Mapadri wa shirika la Mababa Weupe walifika Buganda Februari 1879. Novemba 1882 waliondoka wote, wakavuka ziwa kwenda kusini, wasirudi mpaka Julai 1885. Miaka hiyo yote Wakatoliki wapya hawakuwa na misa wala padri wa kuwafundisha. Waliobaki ni watu kama Yosefu Mukasa Balikuddembe ndani ya ikulu ya Kabaka, mfalme wa Buganda, Andrea Kaggwa pale Natete, na Matia Mulumba upande wa Mityana. Walikuwa na sala walizojifunza kwa moyo, mafundisho waliyoyashika kichwani, na wao kwa wao. Mapadri waliporudi walikuta wanaosali wameongezeka. Humo ndimo walimotoka vijana wa Namugongo, mashahidi wa Uganda waliouawa kwa ajili ya imani yao. Usiku wa kuamkia 26 Mei 1886, ikulu ikiwa imefungwa na kifo kikiwa kinajulikana, Karoli Lwanga aliwabatiza kwa mkono wake wenzake kadhaa, akiwemo Kizito, mvulana wa miaka kama 14. Tarehe 3 Juni walichomwa moto. Sala za kukariri ziliwafikisha pale. Kwa hiyo mwenzako akitoa rozari yake usiku, jua kwamba anashika kitu ambacho watu wamekifia katika nchi hii, hata kama wewe na mimi hatusali hivyo.

Hilo linanileta kwenye mabishano yenu, na hapa sitakubembeleza, kwa sababu naona yanakula sehemu kubwa ya maombi yako.

Ukristo wa Uganda ulizaliwa katikati ya mabishano. Wamisionari wa Kianglikana walifika Juni 1877, Wakatoliki wakaja baada yao, Waislamu walikuwapo ikuluni tangu zamani, na Kabaka Mutesa alipenda kuwakutanisha wabishane mbele yake. Mackay wa Waanglikana na padri Lourdel, ambaye Waganda walimwita Mapera, walipambana hapo juu ya Maria, Papa na Biblia, sehemu kubwa ikienda kwa Kiswahili, maana ndiyo lugha iliyokuwa ikieleweka na wengi wa wageni na wakuu wa baraza. Mutesa alizisikia hoja bora kuliko mtu yeyote wa wakati wake. Alikufa Oktoba 1884 bila kubatizwa na upande wowote. Alikuwa na sababu zake za utawala, sizifichi, lakini ni jambo la kufikirisha kwamba waliobatizwa na kudumu walikuwa vijana wa ikuluni waliokwenda kujifunza kusoma na kusali, mara nyingi kwa siri.

Kisha likaja la kusikitisha zaidi. Namugongo walikufa Wakatoliki na Waanglikana kwa pamoja, moto mmoja. Haikupita miaka 6, na tarehe 24 Januari 1892 wafuasi wa pande hizo mbili walipigana kwa bunduki pale Mengo, Lugard wa kampuni ya Waingereza akiwaunga mkono Waprotestanti. Siasa na vyeo vilichangia sana. Lakini waliofyatuliana risasi walikuwa watu wa Baba Yetu ile ile, na majeraha ya siku ile tumeyarithi katika shule, vyama na hata ndoa mpaka leo.

Sikuambii mnyamaze. Petro anatutaka tuwe tayari kumjibu kila atuulizaye habari za tumaini letu, na hapo hapo anaongeza kwamba iwe kwa upole na kwa hofu. Ninachokuomba ni kuacha kuwashinda. Usiku ukimshinda mwenzako, unalala na hoja kichwani: nilisema hivi, akasema vile, kesho nitamwambia hili. Ukipiga magoti bado unamjibu yeye. Umemzungumzia Mungu kwa muda wa saa tatu, na unapogeuka kuzungumza naye anabaki kuwa mada. Nadhani ukavu wako mwingi unatoka hapo.

Jaribu namna nyingine. Kabla ya kumjibu yule Mkatoliki, eleza imani yake kwa maneno yako mpaka aseme, "Ndiyo, hivyo ndivyo ninavyoamini." Usipoweza, bado hujaielewa vya kutosha kuipinga. Muulize Msabato Jumamosi yake inaendaje tangu Ijumaa jua linapozama, na inamfanyia nini moyoni. Juu ya siku zenyewe, Warumi 14:5 na 6 zinatosha kuwafanya mheshimiane huku kila mmoja akithibitika katika akili yake. Wekeni saa ya kumaliza, tuseme saa nne usiku, na mmalize kwa Baba Yetu, ambayo wote watatu mnaijua. Mkishindwa kuisema pamoja, mjadala wa usiku ule haukuwa wa imani tena.

Halafu lala. Sisemi kwa mzaha. Mikesha ya Ijumaa, mabishano ya usiku wa manane, masomo ya asubuhi: ni nani asiyesinzia akifumba macho? Eliya alipochoka mpaka akaomba kufa, malaika hakumhubiria. Alimpa mkate na maji, akalala tena, akapewa tena. Ndiyo 1 Wafalme 19. Na kama usingizi wenyewe umekukimbia kwa majuma, chakula hakipiti, na mawazo ya kufa yanakujia, hiyo si kazi ya maombi peke yake. Mwone mshauri wa chuo au mhudumu wa afya. Hospitali ya Butabika hapo Kampala iko kwa ajili ya hayo, na hakuna dhambi kuingia pale.

Sasa ushauri wa yule kiongozi. Paulo anauliza katika 1 Wakorintho 12:30 kama wote hunena kwa lugha, na swali lenyewe linaonyesha kwamba si wote. Yeye aliyenena kuliko wote alisema kanisani angependa maneno matano ya kueleweka kuliko maneno elfu kumi kwa lugha. Karama hiyo ni njema, ukipewa, shukuru. Kuifanya kipimo cha kujua nani ana Roho ni kuwabebesha watu mzigo ambao mitume hawakuwabebesha.

Siku saba kavu usifunge. Mwili bila maji siku hizo zote unaweza kufa, na Mungu hakukuomba hilo. Ukitaka kufunga, acha mlo mmoja, kunywa maji, na muda wa mlo ule utumie kwa Zaburi; kama una vidonda vya tumbo au ugonjwa wa sukari, muulize daktari kwanza.

Na mbegu? Toa sadaka ya shukrani unapoweza, kwa furaha. Lakini ukiambiwa kwamba fedha itakufungulia Roho, soma Matendo 8. Simoni alileta fedha ili apate uwezo huo, Petro akamjibu, "Fedha yako na ipotelee mbali pamoja nawe, kwa kuwa umedhania ya kuwa karama ya Mungu yapatikana kwa mali." Ningefurahi zaidi kusikia kwamba fedha hiyo imekuwa nauli yako ya kwenda Kyangwali kuwaona wazazi.

Usiogope kwamba kuhoji ni uasi. "Jaribuni mambo yote, lishikeni lililo jema," aliandika Paulo kwa Wathesalonike. Nchi hii inajua gharama ya waumini kufundishwa wasiulize: tarehe 17 Machi 2000, kule Kanungu, mamia ya watu waliteketea ndani ya jengo la ibada, watoto wakiwamo. Simlinganishi kiongozi wako na viongozi wa kundi lile, nisieleweke vibaya. Nasema tu kwamba umwendee kwa heshima, umuulize ushauri wake ameutoa wapi katika Maandiko, na umsikilize. Jibu lake, na hasa namna atakavyolipokea swali, vitakufundisha mengi.

Hivyo basi, uhame? Kwa hilo peke yake, sioni sababu. Ukavu utauhamisha pamoja na begi lako. Mwaka 1941 wanafunzi 26 wa chuo cha theolojia cha Kianglikana cha Mukono walifukuzwa kwa sababu ya msimamo wao wa kilokole, pamoja na kuamka alfajiri sana kuomba na kuhubiri. Walikuwa na kila sababu ya kuanzisha dhehebu lao, na wapo waliotazamia hivyo. Wengi wa walokole walibaki ndani ya kanisa lililowakataa, wakalibadilisha kutoka ndani, na baadaye maaskofu wake wengi walitoka kwao. Janani Luwum, askofu mkuu aliyeuawa Februari 1977 wakati wa Amin, alikuwa mlokole. Ondoka ukiona Kristo hahubiriwi tena, au fedha za maskini zinanyonywa na hakuna anayeruhusiwa kuuliza, au mtu anakudhalilisha mwili wako. Hilo la mwisho likitokea, usisubiri hata Jumapili moja, na umwambie mtu mzima unayemwamini.

Kuongoza usiache, ila punguza. Mwombe mkuu wa vijana mpokezane, wewe juma moja, mwingine juma linalofuata, na juma lako la kupumzika kaa katikati ya watu uombewe na wengine. Zamu yako ikifika, omba kwa ufupi. Soma Zaburi ile ile uliyoisoma chumbani, nyamaza kidogo, umwambie mpiga kinanda asubiri. Huenda watu wasilie. Usihesabu machozi.

Kuna kitu kimoja walokole wa kwanza walikijua, tangu Simeoni Nsibambi na daktari Joe Church walipokutana Namirembe mwaka 1929 na kuomba pamoja: walikutana wachache, kila juma, na kila mmoja akasema hali yake ilivyo, dhambi na ukavu pamoja na ushindi. Hawakusubiri kwanza wawe vizuri. Tafuta mtu mmoja utakayemwambia yale uliyoniandikia mimi, uso kwa uso, mara moja kwa juma, na yeye akuambie ya kwake. Kama humpati kanisani, anza na yule Mkatoliki wa hosteli. Anajua kusali akiwa amechoka, na tayari mnalala chumba kimoja.